Pikapu Jipya la Bi Zuhura

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha mapokezi, kijana aliyezipokea aliniuliza kwa nini kila mtu anayepiga simu kusema gari limemharibikia njiani nilikuwa namhoji kama polisi. Nilimwambia jibu ni refu, nitaliandika nikishapumzika. Nimepumzika, naandika. Vyeo na mishahara nitaviacha, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitawaeleza nilivyojifunza kutomwamini mtu, na jinsi somo hilo lilivyonigharimu.

Nilizaliwa Nyarubungo, kwa watu wa jembe. Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani mpaka wakimbizi walipoanza kuingia kwa wingi upande wa Ngara, na barabara iliyokuwa inapitisha magari machache kwa siku ikawa haina nafasi ya kuvuka na mbuzi. Malori ya chakula, malori ya maji, magari meupe ya mashirika, wafanyabiashara. Magari hayo yote yalikuwa yakiharibika. Bwana Mutalemwa, aliyekuwa na gereji pale njia panda ya Lusahunga, aliona mbali kuliko wengine. Alinunua lori kuukuu, akalifunga winchi, akaweka redio ya mawasiliano, akaanza kuuza kitu alichokiita mkataba wa msaada wa barabarani: unalipia mapema, gari likilala njiani sisi tunakuja.

Aliniajiri kukaa kwenye redio. Siku ya kwanza hakunifundisha redio, alinionyesha Ferdinandi. Ferdinandi alikuwa fundi wa winchi, kijana mkimya wa Mabawe, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii kabisa. Kabla sijaajiriwa, Bwana Mutalemwa mwenyewe alipokea ujumbe kwamba lori limekwama porini. Lori likaenda. Hapakuwa na gari lililokwama. Palikuwa na watu wenye marungu. Waliondoka na vifaa vyote, na Ferdinandi wakamwacha na sikio moja.

"Kazi yako," Bwana Mutalemwa aliniambia, "ni kuuliza. Mimi sikuuliza."

Wa kunifundisha kuuliza alikuwa Mzee Ruhuza, dereva wa lori la kuvuta. Alikuwa Msubi wa Biharamulo, na mpaka anastaafu alisema "gali" na "balabala", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kulirudisha lori nyuma kwenye mteremko wa matope likiwa limebeba jingine. Alinifundisha kwamba mtu ambaye gari limemzimia kweli huanza kulalamika kabla hujamuuliza. Ataeleza mlio aliousikia, harufu aliyoinusa, taa iliyowaka. Mwongo husubiri swali. Kwa hiyo nimwache anayeita aseme, ninyamaze, nione kama ukimya utamjaza maneno. Nikitaka kuuliza, niulize vitu vidogo: liko upande wa mlima au wa bonde, umeweka matawi ya kuonya magari mengine, umeyakata wapi. Watu wa kweli walikasirika. Mzee Ruhuza alisema hasira ni dalili nzuri.

Chumba changu kilikuwa na meza, redio, betri ya lori chini ya meza, na spika kubwa juu ya dirisha la nyuma. Bwana Mutalemwa aliifunga spika hiyo ili wateja wakija wasikie magari yakiita kutoka kila upande, waone wamefika mahali pa kazi. Ilisaidia kweli kuuza mikataba. Ferdinandi alipokuwa hana gari la kushughulikia alikaa humo kwenye ndoo iliyogeuzwa, sikio lake zima likielekea spika.

Bi Zuhura alikuja kiangazi. Alikuwa mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka pwani na kufungua maduka. Alipeleka chumvi, sabuni na kanga hadi Kabanga mpakani, na kwa miaka alikuwa akikodi magari ya watu. Sasa alikuwa amenunua pikapu lake mwenyewe, jipya, viti bado vimevaa nailoni. Dereva wake, Hamisi, alikuwa akilifuta vumbi kila likisimama, hata kama linaondoka tena muda huo huo.

Hakuwa amekuja kununua. Alikuja kutukagua. Alishazungumza na kampuni moja ya Mwanza iliyokuwa na wakala mwenye tai, na mtu mmoja wa Ngara mjini mwenye trekta. Bwana Mutalemwa akamkaribisha, akamsomea mkataba kwa sauti ya kutangaza. Bi Zuhura alimkatiza kwenye sentensi ya kwanza. Ilisema tutamfuata mteja popote. Aliuliza popote ni wapi. Wakala wa Mwanza naye alisema popote, na alipombana, popote yake ikaishia pale lami inapoingia porini. Bwana Mutalemwa akasema yetu inafika mpakani. Basi aandike hivyo, alisema Bi Zuhura. Akauliza gari likivutwa, mzigo unabaki na nani. Akauliza fundi akitoa kifaa kibovu, kile kibovu anapewa mwenye gari akione au kinapotelea gerejini. Akauliza kama lori letu limeenda upande wa Ngara na yeye amelala upande wa Biharamulo, anangoja mpaka lini. Bwana Mutalemwa alitoa leso akajifuta.

Kisha akaja mezani kwangu. Nilisimama, nikamwamkia. "Marahaba," alisema, akaketi bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye unayejua kila gari limelala wapi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi niambie, mwanangu. Nitajuaje kwamba si wewe unayewaambia wezi?"

Ferdinandi alikuwa kwenye ndoo yake. Aliangalia mikono yake. Alichokuwa anakisema kilikuwa kinanisumbua hata mimi.

Miezi hiyo mambo yalikuwa yameharibika. Gari la mteja wetu linazimika, dereva anaita kwa redio ya shirika lake, mimi namwambia angoje. Kabla lori letu halijafika, linafika gari jingine dogo lenye watu wawili waliovaa ovaroli. Wanasema wametumwa na gereji ya Lusahunga. Wanamjua dereva kwa jina, wanajua kilichoharibika. Dereva anafurahi, anafungua boneti mwenyewe. Wanatoa betri, wanatoa alternata ya kuchajia betri, safari nyingine pampu ya dizeli, eti wanapeleka kutengeneza, na matairi mawili juu yake. Lori letu likifika, Mzee Ruhuza anakuta gari limekaa juu ya mawe na dereva anayemuuliza mbona amechelewa na vifaa vyake. Ilitokea mara ya kwanza tukaona ni bahati mbaya. Ilipotokea tena na tena, mashirika yakaanza kuacha mikataba yetu, na pale njia panda watu wakasema wazi kwamba gereji inaiba kwa mkono wa kushoto na kutengeneza kwa mkono wa kulia.

Nilimweleza Bi Zuhura hayo yote. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuuliza badala ya kunong'ona. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo wa Mwanza anajibu simu mwenyewe au ana msichana. Nikasema sijui. Akakaa kidogo, akasema atachukua mkataba wetu, si kwa sababu anatuamini, ila kwa sababu hapa angalau anajua ni kitu gani cha kuogopa. Lakini ana sharti. Kutakuwa na neno. Atalijua yeye, Hamisi na mimi. Ujumbe wowote ukija bila neno hilo, nisitume mtu. Na lori likifika, atakayeshuka alitaje kwanza, vinginevyo Hamisi hatafungua boneti hata kwa baba yake mzazi. Akaniinamia sikioni akalitaja. Lilikuwa bizari.

Alipoondoka, Bwana Mutalemwa alinung'unika kwamba mwanamke huyo ana mashaka ya kutosha kujaza pikapu lake. Mkataba hata hivyo akaupiga mhuri.

Pikapu jipya nalo ni gari. Mvua za vuli zilipoanza, kondakta wa basi la kutoka Ngara alishuka pale njia panda, akaja dirishani, akasema ametumwa na mama mmoja ambaye gari lake limezimika porini, mkanda wa feni umekatika na rejeta imechemka. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Akaongeza, kwa aibu kidogo, kwamba mama huyo alimlazimisha aseme "bizari" na yeye hajui ni la nini.

Safari hiyo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Sikumwambia Bwana Mutalemwa mahali penyewe. Sikusema chochote redioni. Nilimfuata Mzee Ruhuza chini ya lori alikokuwa amelala akikaza springi, nikamnong'oneza mahali na neno. Alitoka, akamwita Ferdinandi, wakaondoka. Ferdinandi aliniambia baadaye kwamba aliuliza njiani wanakwenda wapi, na mzee akajibu, "Mbele."

Walilikuta pikapu zima, matairi manne, betri mahali pake. Bi Zuhura alikuwa juu ya magunia ya chumvi chini ya mwavuli, anakula karanga. Mzee Ruhuza alisema neno kabla hajasema salamu, na Bi Zuhura akamwambia Hamisi afungue boneti. Wakafunga mkanda mpya palepale, wakajaza maji, na pikapu likafika kwa nguvu zake.

Mngedhani tulifurahi. Lilikuwa gari la kwanza kwa muda mrefu kukutwa salama, na kila mtu gerejini alielewa maana yake bila kuambiwa. Lililojulikana na watu wawili lilifika. Yaliyojulikana na wote yaliliwa. Maana yake mtu wa kuvujisha habari alikuwa miongoni mwetu, mmoja wa wale ambao safari hii hawakuambiwa.

Tangu siku hiyo hatukunywa chai pamoja. Nilimshuku Bwana Mutalemwa mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na rafu nzima ya spea zilizotumika na hakupenda kuulizwa zimetoka wapi. Yeye nadhani alinishuku mimi. Na wote wawili, taratibu, tukaanza kumtazama Ferdinandi. Alikaa karibu na redio kuliko mtu yeyote. Mara nyingi nilimwona akinyoosha mkono kuongeza sauti. Mtu anayesogelea redio namna ile, nilijiambia, ana anachokitafuta. Pia kulikuwa na lile jingine ambalo watu hawakulisema mbele yake. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi katika wimbi la zamani la wakimbizi, wakapewa ardhi Mabawe, wakalima, wakazaa. Ferdinandi alikuwa hajui nchi nyingine. Lakini miaka ile, watu waliokula naye tangu utoto walianza kuulizana ni wa wapi hasa.

Bwana Mutalemwa alimwita akamwambia mwezi ukiisha arudishe ovaroli. Hakumwambia sababu. Ferdinandi hakuuliza. Alirudi chumbani kwangu, akakaa kwenye ndoo, akasema, "Dada Speransia, na wewe unadhani ni mimi?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli, sikujua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akainuka kuongeza sauti ya redio kwa sababu gari lilikuwa linaita.

Lilikuwa gari la shirika moja, karibu na Nyakahura. Dereva, Gaspari, alisema alternata imekufa na taa zote zimezimika. Nilimhoji nikaridhika. Lori lilikuwa mbali upande mwingine, kwa hiyo nilimwomba angoje. Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti mkononi mlango ulipofunguliwa akaingia Bi Zuhura, kikombe cha chai mkononi. Mapema alikuwa amekuja kwa habari ya mkanda wa pili wa akiba, akanikuta nina shughuli, akaenda kungoja mgahawani. Mgahawa ulikuwa nyuma ya chumba changu, ukuta kwa ukuta, mabenchi yake chini ya dirisha la nyuma.

"Gaspari amelala Nyakahura," alisema. "Alternata. Na lori lenu liko mbali."

Nilimuuliza nani amemwambia.

"Wewe. Nilikuwa nakunywa chai." Akaelekeza kikombe juu, kwenye spika. "Mgahawa mzima tumesikia. Jirani yangu wa benchi hata chai hakumaliza, ameondoka na gari lake."

Nilimuuliza ni nani huyo, ingawa nilishaanza kujua. Alikuwa Deo, muuza spea za mitumba, mtu mpole aliyekunywa chai pale kila siku na kunisifu kwamba nina sauti safi ya redio. Nilikuwa namshukuru.

Tulimtazama Ferdinandi. Alikuwa amegeuza sikio lake zima kwetu ili asikie vizuri, na niliona lilivyomwingia, kidogo kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa anaongeza sauti. Aliongeza kwa sababu upande mmoja hasikii. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Nilimwita Gaspari tena redioni na kumwambia kwa Kihaya, kwa kuwa nilijua ni mtu wa Bukoba, asimfungulie mtu boneti hata akimtaja kwa jina. Hakufungua. Waliokuja waligonga vioo, wakamtukana, basi la abiria lilipotokea wakaondoka.

Bwana Mutalemwa alitaka kuing'oa spika palepale. Bi Zuhura alimzuia. Alisema ukiing'oa leo, kesho watu watasema umeficha ushahidi, na huyu kijana atabaki mwizi mpaka afe. Siku iliyofuata alikwenda kituo cha polisi na Mzee Ruhuza. Kisha pikapu lake lilisimamishwa kando ya barabara, Hamisi nje akiangalia injini kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi, na nyuma, chini ya turubai palipozoeleka kuwa na chumvi, walilala polisi. Yeye mwenyewe alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kiti cha mbele. Gaspari, aliyekuwa na deni la fadhila kwetu, aliita kwa redio ya shirika lake akasema amelipita pikapu la mama mfanyabiashara, limezimika, dereva anaitwa Hamisi, pampu ya dizeli. Nilimjibu kwa ile sauti yangu safi. Ferdinandi mwenyewe alifungua spika mpaka mwisho. Tulisikia benchi likisogezwa nyuma ya ukuta.

Walifika na ovaroli zao. Deo hakushuka, alibaki kwenye usukani. Mmoja wao akamuuliza Hamisi kama ndiye Hamisi, akasema wametumwa na gereji.

"Neno?" akauliza Hamisi.

"Neno gani?"

Bi Zuhura aliniambia kwamba kabla turubai halijainuka, aliona usoni mwa yule mtu kwamba ameshajua. Deo alijaribu kugeuza gari, likaingia mtaroni. Mzee Ruhuza ndiye aliyelivuta baadaye, na alilivuta polepole sana, kwa sababu, alisema, huyo hana mkataba.

Spika ikashushwa, nikapewa ile ya kuweka sikioni. Rafu ya Bwana Mutalemwa ilikaguliwa na kukutwa na vitu viwili alivyonunua kwa Deo bila kuuliza. Alivirudisha kwa wenyewe, na wateja wakaanza kurudi. Neno la siri tukaliweka kwa kila mkataba mpya. Mkiwaona wateja leo wakinung'unika mnapowadai neno kabla ya kutuma gari, mjue lilitoka kwa mwanamke ambaye hakutuamini hata kidogo. Na mkiwa wateja siku moja, mkitaka kununua huduma ya namna hii kwa gari lenu jipya, msiulize lori lao ni kubwa kiasi gani. Ulizeni popote yao inaishia wapi, na nani anasikia mkilia.

Ferdinandi aliombwa abaki. Bwana Mutalemwa alimwomba mbele ya wote, akatumia neno samahani, ambalo sikuwahi kulisikia kwake kabla wala baada. Mimi nilimwomba tukiwa wawili. Alisema hakuna neno, Dada, kazi ni kazi. Akabaki. Alifanya kazi nasi miaka mingi, akamrithi Mzee Ruhuza kwenye usukani, akaoa kwao Mabawe, na harusini kwake nilikaa meza ya mbele na akanicheka kwa namna ninavyocheza. Hakuna siku aliyonisemesha vibaya.

Ila jambo moja. Pale gerejini spana zilikuwa za wote. Mafundi tuliokuwa nao waliacha masanduku wazi, anayetaka anachukua, jioni anarudisha. Wiki ile ile alipoombwa abaki, Ferdinandi alikuja na kufuli jipya. Alilifunga sanduku lake hata alipokwenda kunawa mikono, hata tulipokuwa mimi na yeye tu chumbani, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Baada ya muda mrefu nilijipa moyo nikamuuliza kama bado anatushuku.

"Hapana, Dada," alisema. "Nafunga tu."